Barua ya wazi kwa Mwalimu Mkuu na Bodi: rudisheni watoto wetu jukwaani

Kwa Mwalimu Mkuu,
Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Usimamizi,
Kwa viongozi wa Chama cha Wazazi,
Shule yetu ya msingi, Nakuru.

KUH: IGIZO LA NYIMBO LA MUHULA WA PILI: MCHANGO, SAA ZA MAZOEZI NA WATOTO WALIOONDOLEWA JUKWAANI KWA KUTOMALIZA MCHANGO

Waheshimiwa,

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mama wa mtoto wa Gredi ya 4 katika shule yenu, na kazi yangu ni fundi cherehani hapa Rhonda. Jina la shule sitaliandika, wala la mwalimu yeyote, kwa kuwa sitaki kumwaibisha mtu. Mtakaposoma mtajitambua, na wazazi wenzangu watajua ninasema na nani.

Sikuanza na barua hii. Wiki ya tatu ya mazoezi nilizungumza na mwalimu wa darasa kuhusu mchango wa igizo. Alinisikiliza vizuri, akaniambia uamuzi huo uko juu ya uwezo wake. Nikaenda kwa naibu, akaniambia nisubiri kikao. Nikaandika barua ya kurasa mbili, nikaipeleka ofisini mwenyewe, nikamwomba karani anigongee muhuri kwenye nakala yangu. Akasema muhuri umefungiwa kwa Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu yuko mkutanoni. Nimerudi mara tatu na bado sijapata jibu. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi niliuliza swali moja tu, la risiti, na jioni hiyo hiyo kikundi kikafungwa, wakabaki wasimamizi peke yao wenye uwezo wa kuandika. Kwa hiyo leo nasema mbele ya watu.

Kabla ya malalamiko, naomba ieleweke kwamba igizo lenyewe nalipenda. Kisa chake ni cha hapa kwetu: heroe, wale ndege wa waridi tunaowaita flamingo, wanaondoka Ziwa Nakuru maji yanapopanda. Maji yamezidi, magadi yamepungua ziwani, mwani wanaoula umekuwa haba, nao wanaruka kwenda Ziwa Bogoria. Kinda mmoja tu ndiye anayekataa kusahau kwao. Sisi wa huku chini hatuhitaji kufundishwa maana ya ziwa kupanda. Kuna watu wa mitaa ya Mwariki na Baruti waliohama nyumba zao, na ninao wateja ambao vipimo vyao bado viko kwenye daftari langu lakini wenyewe hawako tena. Mwalimu aliyetunga nyimbo zile anastahili kongole. Ninazijua zote kwa moyo, maana zimeimbwa kibandani kwangu kila siku.

Nimeona pia faida yake kwa watoto. Kuna baba mmoja, jirani yangu, ambaye mwanawe ana kigugumizi. Akisema, neno linamkwama kooni hadi machozi yanamtoka. Akiimba kwenye kundi la ndege hakwami hata mara moja. Baba yake alisimama dirishani siku moja akamsikiliza, kisha akaja kwangu akakaa kwenye benchi la wateja bila kusema kitu kwa muda mrefu. Mtu aliyeona jambo hilo hawezi kuomba igizo lifutwe.

Haya sasa ndiyo yanayonisumbua.

1. Kiasi cha mchango, na hasa bei ya mavazi

Karatasi mliyotuma nyumbani inasema kila mtoto anayeshiriki alipe shilingi 3,500: mavazi 1,600, ukumbi na mitambo ya sauti 700, mkufunzi kutoka nje 600, usafiri 300 na chakula 300. Karatasi ya pili ikaja na raba nyeupe, ambazo nimezipata kwa 500, na fulana ya igizo ya 450. Karatasi ya tatu ikasema kiingilio ni 200 kwa kila mtu mzima na kanda ya video ni 500. Mzazi akienda na mwenzake, amefikisha 5,350.

Hapo sijataja bodaboda. Mazoezi yanaisha giza likiingia, na siwezi kumwacha mtoto wa miaka 9 atembee peke yake kutoka shuleni hadi Rhonda saa hiyo. Shilingi 50 kila jioni, siku nne kwa wiki, kwa wiki tisa, ni 1,800 nyingine. Jumla ni 7,150 kwa onyesho la siku moja. Mimi nikikunja pindo la suruali ninalipwa shilingi 50. Ule mchango wa kwanza peke yake ni pindo za suruali 70.

Mambo ya mitambo ya sauti siyajui na sitayasemea. Nguo ninazijua, nimeshona kwa miaka 14. Vazi la mfano mlilotundika ofisini nililitazama na nikaligusa. Ni satini ya kawaida, mita mbili kwa mtoto wa umri ule, na neti mita moja ya mabawa. Halina bitana. Mshono wa kwapani haujapigwa ovaloki, ule mshono wa ukingoni unaozuia nyuzi kuachia, na pale ndipo mtoto anapoinua mkono aruke kama ndege. Pindo limekunjwa mara moja tu. Likifuliwa mara mbili litaanza kuachia nyuzi.

Mahali ninaponunua vitambaa mjini, satini ya aina ile ni shilingi 150 kwa mita, kwa hiyo mita mbili ni 300. Neti ni 100. Zipu, uzi na lastiki, tuseme 50. Kushona nguo nyingi za aina moja, ukikata tabaka kadhaa kwa pamoja, fundi wa Rhonda atachukua 250 kwa nguo na ataridhika. Hiyo ni 700. Nyinyi mnatoza 1,600. Tofauti ni 900 kwa kila mtoto, na watoto wako 92. Piga hesabu: 82,800. Simwiti mtu mwizi. Huenda fundi wenu anatoka mbali, huenda bei yake ni ya juu kwa sababu ninayoweza kuielewa nikielezwa. Lakini sijaelezwa, na mzazi anayeuza mboga hawezi kujua kwamba kuna swali la kuuliza hapo.

Nilijaribu kujisaidia. Nilinunua satini ya rangi ile ile, nikaiweka kando ya picha mliyotuma nikaona inalingana. Nikamshonea binti yangu vazi lake, mabawa ya neti tabaka tatu, kwapani nikaweka kipande cha kupanua ili asibanwe. Nilimaliza saa sita usiku. Alilibeba shuleni kwenye mfuko, akarudi nalo kwenye mfuko, na kijikaratasi kimebandikwa kwa pini: mavazi yote yatoke kwa fundi wa shule. Hakuna aliyelitoa kulitazama. Najua, kwa sababu lilirudi limekunjwa vile vile nilivyolikunja.

2. Pesa zinapita wapi

Tuliambiwa tutume mchango kwa M-Pesa, kwa namba ya simu ya mtu mmoja. Ujumbe unaokuja unaonyesha jina lake, hauonyeshi shule. Nimetuma 1,500 kwa awamu mbili na sijapewa risiti. Wazazi niliowauliza, hakuna hata mmoja mwenye risiti.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, iko wazi kwa jambo hili. Shule ya umma haitozi karo ya masomo. Ada nyingine yoyote inahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hakuna mtoto anayeweza kunyimwa kuhudhuria shule kwa sababu mzazi wake hajalipa ada hiyo. Na anayekusanya pesa lazima atoe risiti rasmi. Watoto 92 mara 3,500 ni shilingi 322,000. Pesa kama hizo hazifai kukaa kwenye simu ya mtu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Simu ikiibwa stendi ya matatu, tutamdai nani?

3. Saa za mazoezi

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimetenga saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja kasorobo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa shughuli za nje ya masomo katika shule za kutwa. Ni saa moja na robo. Watoto wetu wanafanya mazoezi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, kisha Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Hizo ni saa 17 kwa wiki, kwa watoto wa miaka 8, 9 na 10, juu ya masomo yao. Binti yangu amelala na sare mara mbili. Mama mmoja anayefanya kazi shamba la maua alikuwa akimtegemea kifungua mimba wake Jumamosi kumwangalia mdogo wake. Sasa anamlipa mtu, ama anakosa kazi. Na mzazi aliyechelewa kumleta mtoto Jumamosi hutozwa faini ya shilingi 50, ambayo haikuandikwa kwenye karatasi hata moja kati ya zile tatu.

4. Benchi la ukutani

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Alhamisi ya wiki ya sita ya mazoezi, mkufunzi alisoma majina kutoka kwenye daftari mbele ya watoto wote. Waliomaliza kulipa walipanda jukwaani. Ambao hawajamaliza waliambiwa wakae kwenye benchi la ukutani wawatazame wenzao. Watoto 21 walikaa pale kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu, na hawakuruhusiwa kwenda nyumbani kwa kuwa orodha ya mahudhurio ilikuwa haijafungwa. Yule mwenye kigugumizi alikuwa mmoja wao.

Binti yangu alikuwa na beti mbili za kuimba peke yake, sauti ya heroe mkongwe anayewaaga wenzake. Hakupewa kwa upendeleo. Waliimbishwa wote, mmoja mmoja, akachaguliwa. Wiki tano alifanya mazoezi kibandani kwangu, amekaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Mimi nakanyaga pedali na yeye anaufuata mdundo wa cherehani kana kwamba ni ngoma. Nikipunguza mwendo naye anapunguza. Wateja walikuwa wakichelewa kuondoka ili wamalize kumsikia.

Siku ile beti zikapewa mtoto mwingine. Mtoto huyo hana kosa lolote. Ni rafiki yake, wanakaa dawati moja. Jioni binti yangu alifika, akavua viatu, akaniuliza, "Mama, sauti yangu imeharibika?" Nikamwambia haijaharibika. Akauliza, "Sasa kwa nini wamempa mwingine?" Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka 9. Nilimwambia ukweli, kwamba ni pesa, kwamba nina deni la 2,000 na mwezi huu kazi ilikuwa kidogo. Alinyamaza, kisha akasema hataki tena kuimba ili nisisumbuke. Tangu siku hiyo cherehani yangu inafanya kazi peke yake.

Kifungu cha 36 cha Sheria hiyo ya 2013 kinakataza adhabu ya kudhalilisha, ya mwili au ya kisaikolojia. Sijui kama aliyepanga benchi lile aliliona kama adhabu. Labda aliona ni njia ya kutukumbusha wazazi. Lakini aliyekaa juu ya benchi alikuwa mtoto, na wenzake walikuwa wakimtazama.

5. Ukumbi wa kukodi

Shule ina uwanja, na ina bwalo ambalo tulichangia paa lake. Sielewi kwa nini tukodi ukumbi mjini, kisha tulipe kiingilio kuwatazama watoto wetu wenyewe. Bibi yake binti yangu hawezi kupanda matatu mbili, lakini shuleni hufika kwa miguu.

Najua mtakalojibu, kwa sababu mengi nimeshaambiwa mdomoni.

Mtasema ni hiari. Kama ni hiari, kwa nini karatasi ya kwanza inasema tathmini ya Sanaa ya muhula huu itatokana na ushiriki katika igizo? Mtoto asiyelipiwa atatathminiwa kwa lipi, kwa namna alivyokaa kwenye benchi?

Mtasema mkutano mkuu wa wazazi uliidhinisha. Nilikuwepo. Jambo hili lilikuja chini ya mengineyo, saa nane mchana, wengi wakiwa wameshaondoka kurudi kazini, na kiasi hakikutajwa. Tuliulizwa kama tunaunga mkono vipaji vya watoto, tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Lakini Chama cha Wazazi, kwa Sheria hiyo hiyo, kazi yake ni kujadili na kupendekeza ada. Kama idhini ilipatikana kutoka juu, ibandikeni tuione na nitaomba radhi mbele ya watu wale wale wanaosoma barua hii.

Mtasema mgao wa serikali hautoshi. Ni kweli kabisa, na hapa niko upande wenu. Shilingi 1,420 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka mzima ni kidogo mno, na mara nyingi huchelewa. Mwalimu Mkuu anayenunua chaki, kulipa stima na kumlipa mlinzi kwa pesa hizo ana mzigo ambao wengi wetu hatuuoni. Lakini tazameni upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo: mchango wa igizo moja la saa moja na nusu ni zaidi ya mara mbili ya pesa ambazo serikali inamtengea mtoto huyo kwa mwaka. Kama 1,420 inawashinda nyinyi, fikirieni 3,500 inavyotushinda sisi.

Mtasema shule za kibinafsi zinatoza zaidi. Tungekuwa na uwezo wa huko tungekuwa huko.

Mtasema watoto wanahitaji kiwango cha juu ili wafike mbali. Mashindano ya kitaifa ya drama yalipofanyika hapa Nakuru, Aprili 2025, niliwaona wanafunzi wakipita mjini na mavazi yao na binti yangu hakutaka tuondoke barabarani. Ninaelewa hamu hiyo. Lakini mashindano yale yana ngazi, kuanzia zoni na kaunti ndogo hadi taifa, na igizo letu halimo katika ngazi hata moja. Ni onyesho letu wenyewe, kwa ajili yetu wenyewe. Hakuna jaji atakayetunyima alama kwa sababu bawa moja limeshonwa Rhonda.

Na wapo wazazi wenzangu wasiokubaliana nami. Nimewasikia langoni na nimewapa nafasi moyoni mwangu. Mama mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Miaka yote tunalia kwamba shule za serikali hazina kitu. Sasa kimepatikana, mnakipiga vita." Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Anachosema kina uzito, na ninaogopa sana kwamba barua hii itawafanya walimu wavunjike moyo na mwakani kusiwe na igizo lolote. Baba mwingine, mwendesha bodaboda, alisema, "Mimi nimekopa, mama. Siwezi kumwacha wangu kwenye benchi." Nilipomwuliza kama anaona ni haki, alisema hajafika huko, alikuwa bado anafikiria atalipaje mkopo. Wazazi hao wawili hawapingani, waheshimiwa. Wote wanataka mtoto aimbe. Wa kwanza anaogopa nafasi itapotea, wa pili amekopa asiipoteze.

Kwa hiyo ninaomba haya.

Watoto 21 warudishwe jukwaani kabla ya zoezi lijalo, kila mmoja mahali alipokuwa. Kuhusu beti mbili za binti yangu, sitaki rafiki yake anyang'anywe. Ziko mbili; kila mmoja aimbe ubeti wake. Mtu mzima awaeleze wale watoto 21, kwa sauti, mbele ya wenzao, kwamba hawakufanya kosa lolote.

Hesabu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo: kiasi kilichokusanywa, kiasi kilicholipwa, nani alilipwa na kwa kazi gani. Pesa zilizobaki zihamishwe kwenye akaunti ya shule na kila aliyelipa apewe risiti rasmi, hata kama alilipa mia mbili. Faini ya Jumamosi ifutwe.

Mazoezi yaishe saa kumi na moja kasorobo kama Kanuni zinavyosema, na Jumamosi iachwe. Kama nyimbo haziwezi kukamilika kwa saa hizo, zipunguzwe. Kuna wimbo wa nne, ule wa wavuvi, ambao hata watoto wenyewe wanasema ni mrefu.

Onyesho lifanyike shuleni, siku ya kufunga muhula, bila kiingilio. Ukumbi ukiondoka, 700 ya kila mtoto inapungua, labda ibaki ya vipaza sauti tu. Usafiri nao unaondoka.

Na mavazi. Hapa siombi tu, natoa pia. Nimezungumza na mafundi wanne wa Rhonda. Tunaweza kushona mavazi yote 92 kwa shilingi 700 kila moja, yenye ovaloki kwapani na pindo lililokunjwa mara mbili. Kwa watoto 21 wa lile benchi hatutadai pesa ya mkono wetu; watahitaji kitambaa tu, na kwa baadhi yao kitambaa tumeshapata. Mavazi yakiisha kazi yabaki shuleni kwenye sanduku, yavaliwe na watoto wa mwaka ujao. Kama fundi wenu ameshaanza kukata, tutamalizia alipofikia na alipwe kwa kazi aliyofanya. Mzazi anayeweza kushona mwenyewe aruhusiwe. Na asiyeweza lolote kati ya hayo, mtoto wake avae sare na mabawa ya karatasi. Nimeshaona mabawa ya karatasi ngumu yakipakwa rangi ya waridi na watoto wenyewe, na yalipendeza.

Ninaomba jibu la maandishi ndani ya siku saba, kwa kuwa onyesho limebakiza wiki mbili. Nisipolipata nitapeleka barua hii, pamoja na zile karatasi tatu na kile kijikaratasi cha pini, kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo na kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Ningependa sana nisifike huko.

Ombi la mwisho ni la mzazi. Binti yangu hakuniomba niandike. Hajui hata kwamba nimeandika. Wazazi wengi wamenyamaza kwa sababu wanaogopa mtoto ataitwa mbele, au ataulizwa maswali darasani kuhusu mama yake. Naomba isiwe hivyo kwake, wala kwa mtoto wa mzazi mwingine yeyote atakayejitokeza baada yangu. Mkiwa na hasira, niiteni mimi.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa langoni nikiwa na tepu, chaki na daftari la vipimo. Watoto 92 tunaweza kuwapima kwa asubuhi moja, mkituruhusu kuingia.

Wenu kwa heshima,

Mzazi, Gredi ya 4
Fundi cherehani, Rhonda, Nakuru